Viza ya Rozina na Mgeni Rasmi wa Granville

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mzee wetu Trevor, mwakilishi wa Serikali ya Australia, uliyeketi hapa meza kuu na kitenge chako begani. Mheshimiwa Mlezi wetu, Mama Jerusha wa Blacktown, ambaye harufu ya pilau yake imeshatufikia lakini itifaki hairuhusu iguswe kabla sijamaliza. Mheshimiwa Katibu wa Kamati yangu, Ndugu Ikupa, msomaji wa risala. Waheshimiwa masheikh na wachungaji mliopo na mliokusudia kuwepo. Ndugu zetu wa Kenya mliokaa nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu. Akina mama, akina baba, na watoto mnaoelewa Kiswahili mkajibu Kiingereza. Na mwisho kwa orodha, ingawa si kwa umuhimu, Katibu Mteule, Dada Rozina, ambaye naona amesimama kabla sijamtambulisha na namwomba akae. Itifaki yote ikiwa imezingatiwa, na kama yupo niliyemruka ajihesabu ametajwa, nawasalimu nyote katika ukumbi huu wa Granville, mwaka huu wa elfu moja mia tisa tisini na sita. (Makofi ya meza kuu. Rozina anakaa, kisha anasimama tena.)

Mimi ni Ludovick Kashumba, Katibu wa Wanafunzi wa Kigeni katika serikali ya wanafunzi ya chuo chetu. (Sauti kutoka nyuma: «Kaimu.») Nilikuwa nafika huko, Ndugu Oloo, sentensi yangu ilikuwa bado inatembea. Kaimu Katibu. Kwa manufaa ya wageni nieleze kwamba mwaka jana ulifanyika uchaguzi, uchaguzi huru, wa haki, na wa haraka mno kwa maoni yangu, ambapo Dada Rozina alipata kura zilizozidi zangu kwa kiasi ambacho hakuna haja ya kukitaja mbele ya chakula, na mimi nikampongeza kwa mkono wangu wa kulia, mkiona.

Sasa likazuka suala la kisera. Nafasi hii ya Ukatibu ni nafasi nzito, ina ofisi, ina simu ya kupiga nje, ina vikao kuanzia asubuhi mpaka jioni, na mtu hawezi kuishika barabara huku anasoma masomo yote manne. Lakini viza ya mwanafunzi inasema mwenye viza asome full-time, apende asipende, awe amechaguliwa au hakuchaguliwa. Maana yake, mwanafunzi wa kigeni akichaguliwa kuwatetea wanafunzi wa kigeni, akikaa kwenye kiti anavunja viza, na akilinda viza kiti kinabaki kitupu. Nani basi akikalie? Ndipo ilipobainika kwamba mimi, kwa kuwa nimeoa hapa na nina ukaazi wa kudumu, masharti hayo hayanigusi hata kidogo, na nikakubali kwa moyo mzito kuendelea kukaimu hadi Dada Rozina apate kibali maalumu cha Serikali. Na nikakubali, bila kuombwa mara mbili, kwamba huyo atakayekifuatilia kibali hicho pia awe mimi. (Kicheko kirefu upande wa mlangoni.) Sijui kinachochekesha. Kama kazi ni mbili na mtu hodari ni mmoja, mnataka nifanyeje?

Nisiwafiche kwamba leo tuna jambo la dharura. Kesho asubuhi Dada Rozina ameitwa Uhamiaji, mjini, akaeleze kwa nini muhula huu anasoma masomo mawili badala ya manne, na asipoeleza wakaridhika, viza inafutwa na anarudi kwao Songea mwaka wa tatu ukiwa katikati, mikono mitupu. Naye amekuja hapa na ombi moja. Anataka niende naye kesho, niseme mbele ya afisa kwamba aliyemwambia apunguze masomo ni mimi. Ombi hilo ni zuri, limetolewa kwa adabu, na nitalijibu kwa mapana na marefu yake, maana mambo ya namna hii hayajibiwi kwa ndiyo au hapana kama watu wanauziana nyanya. (Rozina: «Ndiyo au hapana inanitosha, Kaka Ludo.») Nashukuru kwa mchango huo.

Ili kulijibu, lazima nirudi kwenye chimbuko, yaani Mradi wa Kibali Maalumu cha Viongozi Waliochaguliwa, mradi ambao kamati yangu iliubuni, ikaufanyia feasibility study, ikautengenezea framework, ikaunda task force yenye terms of reference zake, na ambao hadi ninapozungumza nanyi utekelezaji wake umefikia asilimia themanini na saba. (Ikupa anaangalia meza.) Walikuwepo wenzetu, sitawataja, mmoja wao jina lake linaanza na herufi ya O, waliosema tusijisumbue na mradi, Rozina aende tu Uhamiaji dirishani, achukue namba, akae kwenye benchi, aulize. Aulize! Katibu Mteule wa wanafunzi kutoka mabara matano akakae benchi na watu wanaoulizia ndugu zao waliokwama uwanja wa ndege! Nilikataa, na ningekataa tena leo. Mimi ni mtu niliyelelewa katika utaratibu. Kwetu, wananchi wakiwa na shida, hawaendi dirishani. Wanamwalika mkubwa. Wanamkalisha meza kuu, wanamvisha, kwaya inaimba, mtoto anakariri shairi, halafu inasomwa risala yenye shida zote kwa mpangilio, mkubwa anajibu kwa hotuba, anakula, anaondoka na risala yake, na shida inapanda naye kwenda juu. Shule yetu ya msingi ilipata bati namna hiyo. Daraja letu lilipatikana namna hiyo. Kama bati na daraja vinapatikana, viza ni kitu gani?

Kilichokuwa kimebaki ni mgeni rasmi. Na hapa niseme kwa unyenyekevu kwamba Mungu huwapa viongozi macho. Siku ya mkutano wetu wa kwanza, katika ukumbi huu huu, Ikupa akiwa ameshashika risala mkononi na hatuna wa kumsomea, mlango ulifunguka akaingia Mzungu mtu mzima, amefunga tai, ana beji kifuani yenye nembo, na kiunoni funguo nyingi za ofisi nyingi. Nikasema moyoni, Ludovick, Serikali imekuja yenyewe. Nilimwendea nikamshika mkono kabla hajafungua kinywa. Alijaribu kusema kitu kuhusu gari lililoegeshwa getini, nikamwambia gari lake liko salama, nikamleta hapa mbele, nikamkalisha. Alisema anakaa dakika moja tu. Wakubwa wa kweli ndivyo walivyo, hawataki makuu. Mama Jerusha akamtupia kitenge begani, vijana wakaimba, na Ikupa akasoma risala yetu yenye maombi tisa, la kwanza likiwa kibali cha viza, kwa Kiswahili fasaha na kisha kwa Kiingereza cha kutosha. Mzee Trevor alisikiliza mpaka mwisho. Akasema ataona anachoweza kufanya. Nani kati yenu amewahi kusikia Serikali ikisema kwa upole hivyo?

Na matokeo hayakuchelewa. Katika maombi tisa, ombi namba sita lilihusu hita ya ukumbi huu, ambayo ilikuwa ikitoa sauti bila joto. Wiki ile ile ilitengenezwa. Ombi namba nane lilihusu komeo la choo cha akina mama. Komeo lipo, nendeni mkaangalie, linafunga kabisa. (Kicheko. Mama mmoja anathibitisha kuhusu komeo.) Mnacheka, lakini mimi nawauliza, Serikali inayoshuka mpaka kwenye komeo itashindwa na viza? Mtaalamu wa takwimu atawaambia kwamba maombi mawili kati ya tisa ni asilimia ishirini na mbili, ukiongeza yale yaliyo katika mchakato na yale tunayoyatarajia kwa imani, unapata themanini na saba bila shida, na sehemu iliyobaki ni ya ufuatiliaji.

Sasa ndio naingia kwenye masomo ya Dada Rozina. Katika mkutano wa pili, baada ya pilau, nilisimama nikamwambia Rozina apunguze masomo mara moja, abaki na mawili, aanze maandalizi ya kuingia ofisini. Nilisema kwa Kiingereza, kwa sauti, nikimtazama mgeni rasmi, makusudi asikie kwamba sisi upande wetu tuko tayari na tunachosubiri ni wao. Mgeni rasmi wakati huo alikuwa anapanga viti ukutani, mtu wa cheo chake, na aligeuka akaniuliza kama nina hakika. Nikamjibu nina hakika. Hilo ndilo lililotokea, na sina ninachokificha. Lilikuwa ni suala la kuonyesha utayari. (Rozina: «Basi njoo kesho useme hivyo hivyo.»)

Dada Rozina anapenda kufupisha mambo. Ametaka nimpe nafasi aseme, na kwa kuwa mimi ni mtu wa demokrasia, nampa, kwa kifupi. (Rozina anakuja mbele. Anasema bila kipaza sauti.)

«Kibali sikitaki tena, Kaka Ludo. Nilikuamini kwa sababu ulikuwa na ufunguo wa ile ofisi. Uhamiaji wanasema wakipata uhakika kwamba nilishauriwa na ofisi ya wanafunzi yenyewe, wanaweza kuniruhusu nirudishe masomo yangu nibaki. Sina mwingine wa kunisemea hayo mbele yao. Njoo dakika tano tu.»

(Mtoto anauliza kwa Kiingereza kama chakula kimeiva, ananyamazishwa.)

Asante. Asante sana. Nimeguswa, na wote mmeguswa. Lakini uongozi si kuguswa. Kwanza, kesho asubuhi nina kikao cha kuandaa kikao cha Ijumaa, na kikao cha Ijumaa bila kikao cha kesho ni watu waliokaa tu. Pili, na hili nataka mlielewe kwa utulivu, nikisimama mbele ya afisa wa Uhamiaji nikasema kwamba Kaimu Katibu wa Wanafunzi wa Kigeni alimpotosha mwanafunzi wa kigeni, chuo kitasikia. Kikisikia, kitaniondoa. Wakiniondoa, na Katibu Mteule hana masomo wala viza, nani atamkaimia kaimu? Kiti kitabaki wazi, na wa kuumia ni nyinyi, wanyonge, mnaofanya kazi usiku kwenye maghala ya Smithfield mkiogopa kuzidisha saa za kazi zinazoruhusiwa na viza. Siogopi kwa ajili yangu. (Sauti kutoka nyuma: «Ah wapi.»)

Haya, nitasema. Niliumia. Mnataka nilie? Niliumia mwaka jana zile kura zilipohesabiwa. Nimeshika ile ofisi tangu simu ilipokuwa ya kuzungusha. Mama yangu kule Bukoba ana picha yangu nikiwa nimekaa kwenye dawati lile, jina langu liko kwenye kibao mlangoni, na kila mgeni anayeingia kwake anaonyeshwa hiyo picha kabla hajapewa maji. Nimwambie nini? Kwamba mtoto wa jana, aliyekuja na sanduku moja mimi mwenyewe nikampokea uwanja wa ndege, ndiye anayekaa hapo sasa? Sikutaka aondoke Australia, Rozina, na Mungu anajua. Nilitaka suala lako lisiishe haraka tu. (Mguno ukumbini. Msemaji anakunywa maji.) Sentensi hiyo ya mwisho naomba isiingie kwenye kumbukumbu za kikao, Ikupa.

Tuendelee. Ndugu Oloo amenyoosha mkono tangu nilipoanza, na sasa amechoka kunyoosha anasema tu. Anasema, si tumwulize huyu mzee anafanya kazi wapi. Ndugu Oloo, wewe mwenzetu umelelewa na nani? Mgeni rasmi haulizwi kazi yake. Mtu umemkalisha meza kuu, umemvisha, umemsomea, umemlisha mara tatu, halafu umwulize yeye ni nani? Ndiyo maana hatukumwuliza. Si uzembe, ni adabu, na adabu ndiyo rasilimali ya taifa lolote. (Mgeni rasmi anasimama.) Naona mgeni rasmi anasimama yeye mwenyewe, nje ya ratiba, basi tumpigie makofi, na mimi nitatafsiri kwa faida ya wote. (Mama Jerusha: «Baba, sote tunasikia Kiingereza.») Nitatafsiri kwa ajili ya itifaki.

Anaanza kwa kushukuru. Anashukuru pilau. Anasema yeye... anasema yeye ndiye anayefungua ukumbi huu na kuufunga, ameajiriwa kwa kazi hiyo, na siku ile ya kwanza alikuja kutuomba tuondoe gari letu lililoziba geti. Hmm. Anasema yeye ni mtu wa milango, ndugu zangu, na serikalini mtu anayeshika milango si mtu mdogo. Anasema hapana, ni milango hii hii. Anasema alijaribu kumweleza Ndugu Ikupa mara tatu, na kila alipoanza alijaziwa sahani. Ile risala alidhani ni mila yetu ya kumkaribisha mzee. Hakushika yote, ila lile la hita na lile la komeo aliyaelewa, kwa sababu ni kazi yake, akavitengeneza, na anaomba radhi kwamba hayo mengine hakujua yanamhusu. (Ikupa ameinamisha kichwa mpaka kwenye kitambaa cha meza.)

Nafasi kama hii inahitaji kiongozi, kwa hiyo nitatoa tafsiri ya hali. Ombi letu la kibali halijafika Uhamiaji. Halina faili. Halina namba. Ule uwakilishi wa Serikali tuliokuwa nao meza kuu ulikuwa ni uwakilishi wa ukumbi. Kwa lugha ya kitaalamu, mradi uko katika hatua ya kabla ya kuanza, na asilimia zilizotajwa awali zihesabiwe kuwa za komeo na hita. Nasisitiza kwamba mradi ambao haujawahi kuwepo hauwezi kusemwa kuwa umeshindwa, na hilo ni eneo moja ambalo kamati yangu haina doa.

Lakini naona mgeni rasmi hajakaa. Bado anazungumza, sasa hivi hanitazami mimi, anamtazama Rozina, na naombwa nitafsiri kwa usahihi. (Mama Jerusha amesimama kando yake.) Anasema yale maneno ya kupunguza masomo aliyasikia, yalisemwa kwa Kiingereza, yeye akiwa na kiti mkononi. Anasema alikumbuka kwa sababu binti yake naye aliwahi kushauriwa vibaya chuoni, ndiyo maana aliniuliza kama nina hakika, na anakumbuka nilichomjibu. Anasema hajui sheria za viza, hajui chochote, lakini aliyoyasikia anayajua, na kesho asubuhi atakwenda na Rozina akayaseme. Atafunga tai. (Rozina anafunika uso kwa viganja vyote viwili. Mama Jerusha anamshika mabega. Watu wanaanza kusimama.)

Naomba mkae. Ndugu wananchi, naomba mkae, bado sijafunga hotuba. Chakula hakijafunguliwa rasmi. (Chakula kinafunguliwa.) Basi nitamalizia mkiwa mmesimama, ni mtindo pia. Mmejionea wenyewe uwezo wa kamati yangu. Tulisema mgeni rasmi atalifikisha suala letu Uhamiaji, wenye mioyo midogo wakabeza, na kesho saa tatu asubuhi mgeni rasmi huyo huyo analifikisha kwa miguu yake. Namshukuru Mzee Trevor. Namshukuru Ikupa kwa kusoma vizuri. Nawashukuru nyote kwa kuwa sehemu ya mradi ambao, kama nilivyoeleza, haukuwepo. Umoja wa wanafunzi, oyee! (Watu wanapanga mstari wa chakula.) Viza kwa viongozi, oyee! (Sahani.) Kaimu, oyee! (Oloo anazima kipaza sauti.)

Nitasema bila kipaza. Mzee Trevor ananiambia jambo hapa pembeni, naye ametaka lisikike. Anasema gari lake lina nafasi tatu mbele, yeye, Rozina, na nafasi moja imebaki. Anauliza kama nitaikalia. Rozina ananitazama. Nyote mnanitazama, kwa nini mnanitazama hivyo? Ni suala linalohitaji kutafakariwa. Lina sura nyingi. Nitaunda kamati ndogo, chini ya uenyekiti wangu, ilipitie na kuleta mapendekezo katika kikao cha Ijumaa. Asanteni kwa kunisikiliza.

(Ukumbi mtupu. Mgeni rasmi amesimama mlangoni na funguo mkononi, anamsubiri Kaimu atoke afunge.)